Kikombe cha Mkojo: Figo za Watoto Wanaoishi na VVU Delta ya Rufiji

Kwa wakazi wa Msala, Kiongoroni au Maparoni, safari ya kliniki hupangwa kwanza na bahari, ndipo tarehe ya kwenye kadi ifuate. Maji yakikupwa, mikondo inayopita katikati ya mikoko hubaki tope tupu, na mtumbwi hukwama mpaka maji yajae tena. Mlezi mwenye mtoto wa CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, hulijua hilo, kwa hiyo huhesabu siku za bamvua na za maji mafu kabla hajamwambia nahodha amwekee nafasi. Akivuka hadi bara hutafuta bodaboda, na kutoka hapo huelekea Bungu, Kibiti au Mchukwi. Mtoto hupimwa uzito, huulizwa kama anameza dawa, hukabidhiwa vidonge vyake, na ikiwa zamu ya kupima wingi wa virusi imefika hutolewa damu. Kisha safari ya kurudi huanza, nayo husubiri maji yaleyale.

Katika mizunguko yote hiyo, kitu ambacho mtoto angeweza kukitoa bila sindano na bila kulia ndicho kinachosahaulika kirahisi: mkojo wake.

Ugonjwa wa figo kwa mtoto anayeishi na VVU tumezoea kuuzungumza kama habari ya mashine za kusafisha damu za Muhimbili. Kwa mtoto wa delta, mashine hiyo ni kituo cha mwisho, tena kituo ambacho wengi hawakifikii. Ugonjwa wake ungeweza kujulikana miaka kadhaa kabla, zahanati, kwa kijiti cha kupimia mkojo na ubao wa kupimia urefu. Vitu hivyo viwili visipotumika, kinachobaki ni kumngoja mtoto avimbe.

Kila figo ya binadamu ina vichujio vidogo vinavyokadiriwa kufika milioni moja. Vyote hutengenezwa tumboni mwa mama. Ujauzito ukifika wiki ya 36 hivi kazi hiyo huwa imekwisha, na kichujio kipya hakiongezwi tena maishani. Mtoto aliyezaliwa njiti, au mwenye uzito mdogo, huanza maisha na akiba pungufu. Mama anayeishi na VVU ana uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kujifungua kabla ya wakati au kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo, na malaria ya wakati wa ujauzito, ambayo ukanda huu wa Pwani unaijua vizuri, huongeza uwezekano huo. Basi wapo watoto ambao figo zao zilikuwa na upungufu hata kabla virusi havijazigusa.

Virusi navyo huzigusa. VVU huingia ndani ya seli za figo zenyewe, huharibu kichujio hadi kinasinyaa, na protini ambayo mwili ulipaswa kuitunza humwagika kwenye mkojo. Madaktari wa Brooklyn, New York, waliueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza mwaka 1984, walipoona wagonjwa wa UKIMWI ambao figo zao zilikufa kwa miezi michache tu. Katika miaka hiyohiyo ya 1980, wenzao wa Miami waliukuta kwa watoto waliozaliwa na virusi. Kuna pia njia nyingine: kinga ya mwili hupambana na virusi, mabaki ya mapambano hayo hunasa kwenye vichujio, na vichujio huvimba. Njia hizi mbili hutofautiana chini ya hadubini, ila kwa mama aliyembeba mtoto dalili ni moja: mkojo wenye povu, na baadaye uvimbe.

Dawa za kufubaza virusi zimebadilisha sana hali hii. Tanzania ilianza kuzitoa kwa mpango wa taifa mwaka 2004, na kila mtoto anayeanza mapema na kumeza bila kuruka hupunguza mno hatari ya figo kuharibiwa na virusi. Lakini duniani kote watoto wamebaki nyuma ya watu wazima. Kwa makadirio ya UNAIDS ya mwaka 2023, kati ya watoto milioni 1.4 wa chini ya miaka 15 wanaoishi na VVU, asilimia 57 tu walikuwa kwenye dawa, ilhali kwa watu wazima ilikuwa asilimia 77. Mtoto anayechelewa kugundulika hupoteza vichujio akiwa bado hajui kusoma. Na hatujadili jambo la nchi za mbali: mwaka 2016 madaktari wa Muhimbili walichapisha utafiti wao juu ya figo za watoto wenye VVU waliokuwa wakihudumiwa hapo, wakaonesha kwamba kasoro za figo si nadra katika kundi hilo.

Kuna suala la urithi ambalo wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hawajalisikia. Mwaka 2010 watafiti walitambua mabadiliko mawili katika jeni iitwayo APOL1. Mtu akirithi nakala zenye mabadiliko hayo kutoka kwa baba na kwa mama, figo zake huwa dhaifu mbele ya VVU kuliko za mwingine. Huko Kinshasa, uchunguzi wa watoto umeonesha kwamba mwenye urithi huo pamoja na VVU huanza kuvuja protini mapema. Inadhaniwa mabadiliko hayo yalisambaa kwa sababu humkinga mtu dhidi ya vimelea vya malale. Ajabu yake ni kwamba kinga hiyo ni dhidi ya malale ya aina yetu ya mashariki, ilhali jeni zenyewe zimejaa zaidi Afrika Magharibi na huku kwetu ni chache. Uchache huo ni nafuu kwa mtoto wa Kibiti, ila nafuu yake ni ndogo, kwa sababu mengine yanayoshambulia figo zake yamemzunguka pande zote.

La kwanza ni kichocho. Kwenye mabonde ya mpunga ya Rufiji, ambako maji matamu husimama na konokono wake, watoto wengi wamekojoa damu mpaka jambo hilo likaonekana la kawaida kwa mvulana anayekua. Minyoo ya kichocho cha mkojo huweka mayai kwenye kuta za kibofu na mirija ya mkojo, mirija huziba kidogo kidogo, na mkojo ukirudi nyuma hukandamiza figo. La pili ni upele na majipu ya ngozi, ambayo bakteria wake wanaweza kuchochea ugonjwa wa ghafla wa figo wiki chache baada ya kidonda kupona. La tatu ni selimundu, ambayo watu wa Pwani wanayo kwa wingi na ambayo huathiri figo kivyake. Kisha kuna kuhara kunakomkausha mtoto maji, na malaria kali inayoweza kuzima figo kwa siku chache. Mtoto mwenye VVU hupata haya yote kama wenzake, na baadhi huyapata kwa ukali zaidi.

Juu ya hayo kuna dawa tunazompa kwa mikono yetu. Diklofenaki na ibuprofeni huuzwa duka la dawa baridi kwa bei ya andazi, na mama aliyeona mtoto ana homa na maumivu hazihesabu kuwa na madhara. Gentamaisini huokoa watoto wenye maambukizi makali na haiwezekani kuiacha, lakini dozi yake hutaka mizani na hesabu, kwani ikizidi au ikiendelea siku nyingi huunguza mirija ya figo. Dawa za mitishamba nazo hutumika sana, na nyingine hazina kipimo wala jina linaloweza kuandikwa kwenye faili. Simlaumu mama. Aliye safari ya siku nzima kutoka hospitalini hutumia kilicho karibu naye.

Dalili zikianza kuonekana, tafsiri yake huwa ya mambo yanayofahamika. Mtoto akiamka uso umejaa na macho yamefumba, watu husema ni kwashakoo. Akipauka na kuchoka, husema ni safura. Uvimbe ukishuka miguuni na tumboni na kukataa kuondoka, wapo watakaosema amechezewa. Kila tafsiri ina sababu yake, maana utapiamlo na minyoo ni vitu halisi vinavyovimbisha watoto kweli. Shida ni kwamba mtoto mwenye VVU anaweza kuwa na utapiamlo na figo mbovu kwa wakati mmoja. Akipewa uji wa lishe, uso ukinywea kidogo, kila mtu hushukuru na kuondoka. Kijiti cha mkojo kingesema siku ileile kama mwili unamwaga protini au la.

Sasa nije kwenye dawa za VVU zenyewe, na hapa naomba nisieleweke vibaya: hakuna kinachoharibu figo za mtoto mwenye VVU kuliko virusi visivyotibiwa. Mlezi asiache hata kidonge kimoja kwa kuogopa figo. Hata hivyo, dawa moja inahitaji jicho. Tenofovia, iliyo ndani ya kidonge cha TLD kinachotumiwa na watu wazima wengi Tanzania tangu 2019, hupita kwenye mirija ya figo ikitolewa mwilini, na kwa watu wachache huijeruhi mirija hiyo. Figo huanza kumwaga fosfeti, madini yanayojenga mifupa, na sukari huonekana kwenye mkojo wakati sukari ya damu ni ya kawaida. Kwa mtoto ambaye mifupa yake bado inarefuka, hasara hiyo ni kubwa kuliko kwa baba yake anayemeza kidonge kilekile.

Ndiyo maana watoto wadogo hupewa abakavia pamoja na lamivudini na dolutegravia, na WHO hupendekeza TLD kuanzia kilo 30. Hizo kilo 30 ndizo mlango ninaotaka wahudumu wa afya wausimamie. Siku mtoto anapofikisha uzito huo, familia hufurahi: amekua, anahamia kidonge kimoja kwa siku kama mtu mzima. Siku hiyohiyo anaingia kwenye dawa inayopita kwenye figo ambazo pengine hazijawahi kupimwa. WHO imesema wazi kwamba kukosekana kwa kipimo cha damu cha figo kusimzuie mtu kupata tenofovia, na ni sahihi, kwa sababu mtoto asiye na dawa atauawa na virusi akisubiri kipimo. Lakini ruhusa ya kuanza bila kipimo imezoeleka mpaka ikageuka sababu ya kutopima kabisa.

Tuseme basi kipimo cha damu kimepatikana. Sampuli imefika hospitali, mashine inafanya kazi, kemikali za kupimia zipo, na jibu la kreatinini limerudi. Hapa ndipo penye kosa ambalo huwapoteza hata watu wenye elimu, na nitakaa napo kidogo.

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Figo zikidhoofika, hujikusanya kwenye damu. Lakini kiasi chake hutegemea ukubwa wa misuli, na mtoto ana misuli kidogo. Chukua mtoto wa kufikirika wa miaka 9 kutoka kisiwa cha delta. Urefu wake ni sentimita 118, mfupi kwa umri wake kama walivyo wengi waliozaliwa na virusi. Jibu linasema kreatinini ni mikromoli 80 kwa lita. Karatasi ya maabara, iliyochapwa kwa viwango vya watu wazima, haiweki alama yoyote, na namba hiyo inasomeka kuwa ya kawaida. Faili linafungwa.

Daktari wa watoto wa Marekani, George Schwartz, alitoa kanuni mwaka 1976 ambayo ilirekebishwa mwaka 2009: chukua urefu wa mtoto kwa sentimita, zidisha kwa 36.5, gawa kwa kreatinini. Kwa mtoto wetu, 118 mara 36.5 ni 4,307. Ukigawa kwa 80 unapata karibu 54. Kiwango cha kawaida ni 90 na kuendelea. Mtoto aliyeambiwa yuko sawa amepoteza karibu nusu ya uwezo wa figo zake. Tena hesabu hii yenyewe humpendelea, kwani aliyekonda hutoa kreatinini kidogo, na figo zake huonekana nzima kuliko zilivyo.

Kilichokosekana katika simulizi hii ni urefu wa mtoto. Uzito hupimwa kila safari kwa sababu dozi hufuata kilo. Urefu hupimwa pale mtu anapokumbuka, au pale ubao wa kupimia usipokuwa umegeuzwa rafu ya kuwekea mafaili. Bila urefu, kreatinini ya mtoto haina maana. Hili ni jambo la kumwambia kila muuguzi anayeanza kazi CTC, siku yake ya kwanza.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Dolutegravia huzuia kidogo njia moja ambayo figo hutumia kutoa kreatinini, hivyo namba hupanda kiasi katika wiki za mwanzo bila figo kudhurika. Dawa ya septrini hufanya vilevile. Mhudumu asiyejua hilo anaweza kushtuka na kumuondolea mtoto dawa nzuri. Namba moja isisomwe peke yake. Isomwe pamoja na urefu, na mkojo, na namba iliyotangulia.

Mkojo, basi. Kijiti cha kupimia ni ukanda wa plastiki wenye vidoti vya rangi. Kinachovywa kwenye kikombe, kinasubiriwa dakika moja au mbili, kinalinganishwa na rangi zilizo kwenye kichupa. Hakihitaji umeme wala jokofu. Ndicho hichohicho ambacho kliniki ya wajawazito hukitumia kutafuta protini kwa ajili ya kifafa cha mimba, mara nyingi kwenye jengo hilohilo, wakati mwingine ni mlango wa pili tu kutoka CTC. Hapa hatuombi teknolojia mpya kutoka ng'ambo. Tunaomba mkono mmoja uvuke korido.

Mtu wa Rufiji mwenye uzoefu atanikatiza hapa: kijiti kitaonesha damu na protini kwa kila mtoto mwenye kichocho, sasa utamtenga vipi mgonjwa wa figo? Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake ni mpangilio wa kazi. Mtoto mwenye damu kwenye mkojo apewe prazikwanteli kwanza, ambayo shule za msingi za maeneo yenye kichocho hugawiwa kupitia kampeni za serikali, kisha apimwe tena baada ya wiki kadhaa. Mwenye homa asubiri apone. Msichana aliye kwenye siku zake arudie zikiisha. Mkojo uwe wa asubuhi, wa kwanza baada ya kuamka, kwa sababu protini inayotoka wakati wa kucheza na kusimama mchana huweza kuwa ya bure. Protini ikibaki baada ya yote hayo, na ikionekana tena kwa muda wa miezi mitatu, hapo ni ugonjwa sugu wa figo, na jina lake liandikwe kwenye kadi.

Na kijiti kina mipaka. Hukamata zaidi albumini inayovuja kwenye kichujio kilichoharibika; jeraha la mirija linalosababishwa na tenofovia linaweza kukipita. Ndiyo sababu kidoti cha sukari kwenye ukanda huohuo kiangaliwe, na mtoto anayelalamika mifupa kuuma asiambiwe anakua tu.

Shinikizo la damu la mtoto nalo lipimwe, kwa mkanda wa mtoto. Mkanda wa mtu mzima ukizungushwa kwenye mkono mwembamba husoma chini ya ukweli, na presha iliyopanda hupita bila kuonekana.

Swali zito kuliko yote ni hili: ukishajua, utafanya nini? Nimewahi kusikia likiulizwa kwa uchovu, na aliyeuliza hakuwa mtu mbaya. Kama mashine iko Dar es Salaam, kumpima mtoto wa Mbuchi si kumwongezea mama yake huzuni tu?

Jibu ni kwamba mengi yenye faida yako kabla ya mashine. La kwanza ni kuhakikisha virusi vimefubaa, kwa kuwa protini kwenye mkojo wa mtoto anayedhaniwa anameza dawa inaweza kuwa ndiyo ishara ya kwanza kwamba hamezi, au kwamba dawa imeshindwa. La pili ni kumbakiza kwenye abakavia hata akivuka kilo 30, au kumrudisha huko, jambo lisilohitaji mashine yoyote. La tatu ni dozi: lamivudini hupunguzwa figo zikidhoofika sana, ilhali abakavia na dolutegravia hazibadilishwi kwa ajili ya figo. La nne ni enalaprili, dawa ya presha ya bei nafuu, ambayo kwa dozi ya daktari hupunguza protini inayovuja na kuchelewesha uharibifu. Hutaka damu iangaliwe, na haipewi msichana anayeweza kuwa na mimba bila mazungumzo ya wazi. La tano ni kuandika kwa herufi kubwa kwenye kadi yake: ASIPEWE DIKLOFENAKI. Yote haya yanawezekana Kibiti. Mtoto aliyegunduliwa mapema anaweza kukua, akasoma, akavua kamba na kulima mpunga miaka mingi, bila kuiona mashine.

Anayegunduliwa akiwa amevimba hukabiliwa na ramani. Hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani ni Tumbi, Kibaha, kwenye barabara ya Morogoro. Kutoka Kibiti, njia ya kwenda huko hupita kwanza Dar es Salaam. Yaani mgonjwa wa kusini mwa mkoa huvuka jiji lenye Temeke na Muhimbili ili kuifikia hospitali ya mkoa wake. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, liliwatoa watu wa kusini mwa mto kwenye kivuko, na lami imesaidia sana. Lakini delta haikuvukwa na daraja lolote. Zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake Afrika Mashariki, bado hupitwa kwa kasia na mashine ya boti.

Huko Muhimbili, kusafisha damu kwa mtoto ni kazi ya utaalamu wake: mipira midogo, mashine iliyopangwa kwa mwili mdogo, mtoto kulala hapo au karibu, mara mbili au tatu kila wiki, bila kikomo. Familia ya mvuvi hulazimika kuhama. Upandikizaji upo nchini, Muhimbili ulianza Novemba 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018, na unategemea ndugu aliye hai kutoa figo yake. Kwa mtoto mwingine yeyote, wa kwanza kufikiriwa ni mama. Kwa mtoto aliyezaliwa na VVU, mama mara nyingi anaishi na virusi hivyohivyo, na wakati mwingine amekwisha kufariki, mtoto analelewa na bibi. Madaktari wa Groote Schuur, Cape Town, walionesha kuanzia mwaka 2008 kwamba watu wenye VVU wanaweza kupandikizwa figo na kuishi vizuri, kwa hiyo virusi pekee si sababu ya kumkatalia mtu. Lakini njia hiyo bado iko mbali mno na gati la Nyamisati huku delta.

Ratiba ya kliniki nayo ina maadui wake hapa. Msimu wa kilimo familia huhamia mashambani, bondeni, hulala kwenye madungu kulinda mpunga dhidi ya nguruwe na ndege, na mtoto huenda nao. Aprili 2024 mto ulifurika, mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti zikafunikwa na maji, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikafika Mafia, ng'ambo ya delta hii. Mtu anayeokoa watoto wake juu ya paa hawezi kukumbuka kichupa cha dawa. Halafu Januari 2025 serikali ya Marekani ikasitisha misaada yake ya nje, ile ambayo kwa zaidi ya miaka 20 imebeba sehemu kubwa ya huduma za VVU nchini. Mpango unaotegemea sampuli kusafirishwa na fedha ya mfadhili huyumba mfadhili akiyumba. Kijiti cha mkojo kinaweza kununuliwa na halmashauri.

Halmashauri ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji karibu muongo mmoja uliopita na kurithi vijiji vya delta, ina nafasi ya kuanza. Kila mtoto wa CTC apimwe mkojo na urefu mara moja kwa mwaka, na tena siku anapofikisha kilo 30. Huduma za mkoba zinazokwenda visiwani kwa boti kuchanja watoto zibebe kichupa kimoja cha vijiti. Maabara iandike kwenye jibu la mtoto kiwango cha figo kilichokokotolewa kwa urefu wake, si kreatinini peke yake. Mhudumu wa ngazi ya jamii, anayekaa kijijini na kujua nani ameamka uso umejaa, apewe ruhusa ya kumpigia simu mganga wa CTC moja kwa moja. Uzuri wa mkojo, katika kijiji ambacho kila abiria wa mtumbwi hujulikana anakwenda kutibiwa nini, ni kwamba hautoi siri ya mtu: watoto wote hupimwa mkojo, kwa kichocho, kwa homa, kwa lolote.

Na wewe mlezi, mama, bibi au shangazi uliyebeba mtoto huyu mpaka leo: usiku wa kuamkia kliniki, weka kichupa safi chenye mfuniko karibu na mlango. Akiamka, akojoe humo. Beba mpaka kliniki, na ukimfikia muuguzi mwambie: huu ni mkojo wa asubuhi wa mtoto wangu, naomba umpime protini, na umpime na urefu. Akikuuliza nani amekutuma, mjibu kwamba figo zake hazijawahi kupimwa.